Ushahidi na Kusadiki: Kitabu cha Shaaban Robert Kisomwapo Tarakea

Kitabu cha marehemu Shaaban Robert kiitwacho Kusadikika, nchi iliyo angani, kilichotolewa na kampuni ya Nelson mwaka wa 1951, kimepata wasomaji wa namna mbili. Wa namna ya kwanza hukiona kuwa ni fumbo juu ya utawala wa kigeni: baraza la Kusadikika ni dola ya wakoloni, na Karama ni Mwafrika msomi aliyenyimwa nafasi ya kusema. Wa namna ya pili hukiona kuwa ni kitabu cha adili, kinachofundisha kwamba subira na ukweli hushinda kiburi na hila hata zikikawia kushindwa. Kila namna ina haki yake, wala hapana sababu ya kuikataa moja kwa ajili ya nyingine. Lakini zote mbili hupita upesi juu ya jambo ambalo mwandishi ameliweka mlangoni kabisa mwa kitabu chake, nalo ni jina lake.

Jina hilo likipimwa kwa makini, na kitabu kikisomwa kwa mwanga wake, huonekana kwamba uonevu, sheria na subira, ambavyo huhesabiwa kuwa ndivyo fikira kuu za hadithi hii, ni matawi ya shina moja. Shina lenyewe ni ushahidi: nani aliyekwenda akaona, nani aliyeketi akasikiliza, na ni kitu gani kinachomfanya msikilizaji akubali au akatae habari aliyoletewa.

Kitenzi sadiki kina mtenda na mtendwa: fulani anasadiki habari. Sadikiwa nacho humwachia mtenda nafasi yake, kwa kuwa habari husadikiwa na fulani. Lakini sadikika huifunga nafasi hiyo. Mlango umefungika, kamba imekatika, habari inasadikika: aliyefunga, aliyekata na aliyesadiki hatajwi wala haulizwi. Nchi ya Kusadikika basi imepewa jina linalodai kwamba mambo yake yanaaminika, pasipo kusema yanaaminika na nani, wala kwa hoja gani. Mwandishi alilipenda umbo hili la kitenzi, maana ndilo alilolitumia tena katika jina la Kufikirika, kitabu kilichotoka baada ya kufa kwake. Katika Kusadikika umbo hilo limebeba kejeli ya kitabu kizima, kwa sababu nchi yenye jina la kuaminika ndiyo ambayo wakuu wake hawamwamini hata mmoja wa wale waliowatuma wakatazame.

Majina ya wajumbe sita wa Kusadikika yanaithibitisha fikira hiyo. Watu wengi wamekwisha kusema kwamba Shaaban Robert huwapa watu wake majina ya sifa zao. Hilo ni kweli, lakini hapa majina hayo yana mpango zaidi ya sifa. Wa kwanza ni Buruhani, yaani hoja iliyo wazi, hakika isiyopingika. Baada yake wanakuja Fadhili, aliye hisani. Kabuli, aliye kukubali. Auni, aliye msaada. Na Ridhaa, aliye kuwa radhi. Wa mwisho ni Amini, ambaye jina lake halihitaji kufasiriwa. Aliyeyapanga majina haya ameipanga ngazi ambayo habari huipanda mpaka ikaaminiwa. Huanza kwa hoja, ikasaidiwa na wema wa msikilizaji, ikakubaliwa, ikatiwa nguvu, ikaridhiwa, na mwisho ikawa imani. Kila mjumbe ni kidato kimoja cha ngazi hiyo, na kila mjumbe arudipo hutiwa gerezani. Basi kilichofungwa Kusadikika si watu sita tu. Ni ngazi nzima ambayo kwayo ukweli hupanda kutoka kwa aliyeona mpaka kwa asiyeona.

Juu ya gereza hilo ameketi Waziri Majivuno, mshitaki wa Karama. Jina lake latokana na kujivuna, na mwenye kujivuna hana haja ya habari ya mtu mwingine, kwa kuwa amekwisha kujijaza nafsi yake. Ubaya wake mkubwa, ukitazamwa hivyo, si ukali. Wakali wapo wanaosikiliza. Ubaya wake ni kwamba huitoa hukumu ya habari kabla habari haijafika.

Karama ameshitakiwa kwa kuwafundisha watu elimu ya sheria. Akipewa nafasi ya kujitetea, hasemi sana juu ya nafsi yake. Siku kwa siku anasimulia habari za wajumbe sita: waliotumwa pande nne za dunia, mmoja mbinguni na mmoja ardhini, wakaona mambo ambayo yangaliifaa nchi yao, wakarudi nayo, wakalipwa minyororo. Kwa hiyo Karama mwenyewe ni mjumbe wa saba. Wenzake walisafiri nje ya mipaka. Yeye amesafiri ndani ya kumbukumbu ya dola, akaleta barazani habari ya mambo yaliyotendwa na baraza lilo hilo. Hoja zake ni hukumu zilizotangulia, naye anazisoma kinyume: kila hukumu iliyomwadhibu mjumbe inageuka kuwa ushahidi juu ya hakimu. Katika nathari ya Kiswahili ya wakati ule ni nadra kuona utetezi uliojengwa kwa ustadi huo.

Fikira hii ya habari ya kweli isiyosadikiwa haina haja ya kutafutwa angani. Iko pia chini ya jua, katika historia ya mlima ambao Tarakea imeegemea. Tarakea ni mji wa Rombo, kaskazini mashariki ya Kilimanjaro, ambako Mawenzi ndiyo iliyo karibu na macho na mpaka wa Kenya uko hatua chache tu. Mwaka wa 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alipita Taita akaelekea nchi ya Wachaga. Tarehe 11 Mei aliona weupe kileleni mwa mlima. Alipomwuliza mmoja wa viongozi wa msafara wake weupe ule ni nini, alijibiwa kwamba ni baridi. Neno hilo moja lilikuwa buruhani: mtu wa nchi alikitaja kitu kwa jambo alilolijua kwacho, na mgeni akafahamu kwamba ni theluji. Lakini habari ilipofika Ulaya ilikataliwa. Mtaalamu mmoja wa London, Desborough Cooley, ambaye hakupata kuikanyaga nchi hii, alishikilia kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Mpaka safari za von der Decken za mwaka wa 1861 na 1862 zilipothibitisha jambo lile, miaka zaidi ya kumi ilikuwa imepita.

Haikuandikwa popote kwamba Shaaban Robert aliikumbuka habari hiyo alipotunga kitabu chake, wala hoja hii haitegemei kwamba aliikumbuka. Inatosha kuonyesha kwamba hila ya Majivuno si hila ya wafalme wa ngano peke yao. Cooley hakuwa na gereza, hata hivyo alifanya kazi ile ile ya kumweka aliyeona chini ya asiyeona. Tena yafaa kutazama jambo moja ambalo vitabu vya wasafiri hulipitia haraka. Kabla ya Rebmann kutosadikiwa London, watu wa mlimani na wa misafara walikuwa wanaijua baridi ile miaka mingi, na hakuna baraza lolote la wataalamu lililofikiri kuwauliza. Katika ngazi ya ushahidi wao hawakupewa hata kidato cha kwanza.

Msomaji wa Tarakea ana jambo la pili la kukisoma kitabu hiki kwalo, nalo ni mpaka. Kusadikika inatambulishwa tangu mwanzo kwa mipaka yake, na mipaka hiyo imetajwa kwa pepo, vitu visivyoshikika wala kupigiwa vigingi. Msomaji wa pwani anayejua pepo za misimu huweza kuona katika maelezo hayo mzaha mtamu tu. Msomaji wa Rombo hukumbuka kwamba mstari unaopita karibu na nyumba yake, ukaupinda mlima na kuuacha upande wa Tanzania, ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka wa 1886, yaliyofanywa mbali sana na migomba ya Rombo na malisho ya Wamasai. Mstari huo nao ulikuwa wa hewani kabla haujawa wa ardhini. Na baada ya kuwa wa ardhini, serikali mbili za watu huru ziliweza kuufunga: mwezi wa Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, haukufunguliwa tena mpaka Novemba 1983.

Shaaban Robert alikuwa amefariki tangu 1962, hakuyaona hayo. Lakini hakuwa mgeni wa mipaka. Tangu mwaka wa 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha, kazi ambayo kila siku humfundisha mtu kwamba kitu kinachovuka mpaka hakithaminiwi kwa namna kilivyo bali kwa namna kilivyoandikwa. Wajumbe wake sita hurudi Kusadikika kama shehena mbele ya karani asiyetaka kufungua kasha: hupimwa kwa jalada, hutozwa, huzuiwa. Hapo kitabu kinaonyesha ujuzi wa mtu aliyeketi katika meza hiyo, wala si ndoto ya mtunzi peke yake.

Lakini hapo hapo ndipo upungufu wa kitabu unapoanza kuonekana. Katika Kusadikika kuvuka mpaka ni kazi ya dola. Wajumbe hutumwa kwa idhini ya wakuu, huondoka kwa sherehe au kwa amri, na hurudi kutoa hesabu mbele ya wakuu hao hao. Katika mji wa mpakani habari haziendi hivyo. Mama anayevuka na ndizi, mahindi au maharagwe kwenda kuuza upande wa Oloitokitok hurudi na bei, na habari za mvua, na habari za ndugu, akawaeleza majirani, nao wakampima kwa mizani ya maisha yao: ya jana aliyotueleza yalikuwa kweli au si kweli? Mizani hii ya ushahidi, iliyo ya zamani kuliko baraza lolote, haimo katika kitabu. Raia wa Kusadikika wanaonewa na wanahurumiwa, lakini hawaulizwi kama wao walimsadiki Buruhani. Ngazi ya mwandishi ina kilele kimoja tu, na juu yake ameketi mfalme.

Mwisho wa hadithi unategemea jambo hilo. Mfalme anayasikia maneno ya Karama, moyo wake unageuka, mshitakiwa anaachiliwa, wajumbe wanatolewa gerezani. Msomaji hufurahi, naye ana haki ya kufurahi. Lakini aliyekifuata kitabu kwa makini hawezi kuacha kuuliza: mtu aliyeshitakiwa kwa kufundisha sheria ameokolewa na sheria ipi? Hakuna. Ameokolewa na huruma. Jina lake lilikuwa limeyasema hayo tangu mwanzo, maana karama ni kipawa, heshima itokayo juu. Haki hudaiwa, karama hupewa. Kama mfalme yule angalikuwa na usingizi siku ya sita, au kama atamrithi mwingine mwenye masikio ya Majivuno, gereza la Kusadikika liko pale pale na funguo zake ziko mikononi mwa wale wale. Kitabu kimeuliza swali la sheria, kikalijibu kwa tabia njema ya mtu mmoja.

Uzito wa neno hili huonekana zaidi likilinganishwa na mambo yaliyotokea mwaka ule ule, si mbali na mlima huu. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwatoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, ili ipewe masetla wa Kizungu. Wameru walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet aende Umoja wa Mataifa. Pamoja naye alikuwa Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi yake mjini Moshi. Mwaka wa 1952 mjumbe huyu alisimama New York, akasema kwa Kiswahili na kwa ushahidi wa macho yake mambo yaliyowapata watu wake. Ardhi haikurudishwa. Katika Baraza Kuu azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili za kura. Ikiwa ushindi wa mjumbe ni kusadikiwa na mwenye kiti, basi Kirilo alishindwa kama Buruhani.

Ila Kirilo alirudi kwa watu waliomtuma. Aliwaeleza, nao wakamsadiki, na habari yake ikazunguka nchini ikasikiwa na watu ambao hawakupata kuiona Engare Nanyuki. Chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kilikuta masikio yaliyokwisha kuzoea kusikiliza habari za namna hiyo. Moshi yenyewe ilikuwa na mazoea ya zamani ya kudai kwa hoja: tangu mwaka wa 1925 wakulima wa Kichaga walikuwa na chama chao cha kuilinda kahawa yao, ambacho nafasi yake ilichukuliwa baadaye na chama cha ushirika cha KNCU. Katika miaka ya hamsini Baraza la Wachaga lilikuwa na gazeti la Kiswahili, Komkya, jina la Kichaga lenye maana ya kupambazuka. Wachaga walimchagua Mangi Mkuu mwaka wa 1951, na mwaka wa 1960 wakapiga kura ya kutaka mahali pake kiongozi wa kuchaguliwa kwa muda. Hayo si mambo ya malaika. Yalikuwa na ugomvi wake na upendeleo wake. Lakini yanaonyesha njia ambayo Kusadikika haikuitazama: mjumbe asiposadikiwa juu, husadikiwa chini, na kusadikiwa huko huweza kubadili aliye juu.

Yawezekana kujibiwa kwamba madai haya yanamwonea mwandishi. Kwanza, hadithi ya mafumbo ina kanuni zake, na mfalme anayetubu ni mojawapo. Pili, Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni alipokitoa kitabu hiki, katika nchi ambayo mwaka wa 1953 watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na vyama vya siasa. Mtu wa hali hiyo angaliandika juu ya raia wanaoungana na kulibana baraza, kitabu chake kisingalipata mchapishaji, na huenda yeye mwenyewe angalipata mashaka ya Karama pasipo kupata mfalme wa Karama.

Jibu la pili lina nguvu, nalo linapasa kukubaliwa. Linaeleza kwa nini kitabu kimesimama mahali kiliposimama, na linaongeza heshima ya ujasiri wake, kwa kuwa hata kumtaja mwalimu wa sheria aliyeshitakiwa kwa kufundisha lilikuwa jambo zito. Jibu la kwanza halina nguvu sawa. Mwandishi alijua kuzivunja kanuni za ngano alipotaka: safari sita za wajumbe haziishii kwa hazina wala kwa ndoa, zinaishia gerezani, na mara sita mfululizo msomaji hunyimwa furaha ambayo ngano humwahidi. Aliyeweza kuizuia furaha mara sita angaliweza kuitia shaka mara ya saba. Hakufanya hivyo, na sababu haipatikani katika umbo la hadithi bali katika imani ya mwandishi, ambayo huonekana katika maandiko yake mengi, kwamba moyo wa mtu ukiguswa na ukweli hauna budi kuufuata. Imani hiyo ndiyo uzuri wa kitabu. Ndiyo pia mpaka wake.

Kwa hiyo ni vema Kusadikika kisomwe tena kwa kufuata kitenzi chake. Mwalimu wa shule ya Rombo anayewapa wanafunzi orodha ya mambo makuu ya kitabu hiki, yaani dhuluma, sheria, elimu, subira na uzalendo, hajakosea. Lakini orodha hiyo hukariríka na kusahaulika. Akiwauliza badala yake ni nani anayesadiki katika kila sura, na kwa hoja ipi, na ni nani ambaye hakuulizwa, atakuwa amewapa chombo cha kukipimia kitabu na cha kupimia mambo yaliyo nje ya kitabu. Watamwona Buruhani akiuweka ushahidi mbele ya watu wasiotaka kutazama. Watamwona Majivuno akikataa kabla ya kusikia. Watamwona mfalme akisadiki mwishoni, peke yake, kwa hiari yake. Kisha watawatafuta raia wa Kusadikika, wale ambao umbo la kitenzi limewaficha, wasiwaone. Na huko kutokuwaona kutawafaa zaidi ya orodha, kwa kuwa ndiko kutakakowapeleka kutoka sadikika, isiyo na mwenyewe, mpaka sadiki, ambayo haisemeki bila ya mtu wa kuitenda.